Kiganja Kwenye Tangi la Oili

Ihanda, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Kaiza,

Salamu sikuletei, kwa sababu tumelala nyumba moja na nakusikia unavyokoroma chumba cha pili kama mtu asiye na ugomvi na yeyote. Afya yako naijua, jioni nimekuona ukimaliza sahani ya ndizi na maharage, ukaongeza nyingine. Sisi nasi wazima. Mama yako amekaa hapa mbele yangu karibu na taa, anafunga mzigo wako, anaufungua, anaufunga tena.

Yeye ndiye aliyeniambia niandike. "Ukifungua mdomo mtagombana," amesema. "Wino haupigi kelele. Mwandikie." Nimetii, maana tangu Jumamosi mimi na wewe ni "Shikamoo baba," "Marahaba," basi, kila mtu anageukia upande wake kama wake wenza.

Habari ya soksi, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kanisani Jumapili na nani atakufulia, siandiki. Hayo mama yako atakuambia asubuhi, na atayarudia ukiwa mlangoni. Mimi nitaandika juu ya pikipiki, na juu ya lile neno uliloniambia.

Kwanza tuweke ukweli mezani. Plagi ya pikipiki iko mfukoni mwangu, mfuko wa kulia wa koti hili nililovaa. Niliifungua kwa spana Jumamosi jioni mbele ya macho yako, nikasema utakwenda Rubwera kwa lori la kahawa kama watu wengine, na pikipiki itabaki hapa ilaliwe na kuku. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia. Sasa nimekaa na kalamu na sijui kama nilisema vizuri. Kwenye zahanati ile ya Rubwera unakoanza kazi utatumwa vilimani kila siku, kupeleka dawa na kutazama wagonjwa, na bila pikipiki utatembea mpaka viatu viishe. Nikikupa, naogopa utaiua. Si hilo tu ninaloogopa, lakini nitafika huko.

Ile Jumamosi ulikwenda Rubwera kuonana na mganga mkuu wa zahanati. Tulikuwa hatujakutegemea mapema, mara tukakusikia unashuka kilima. Mama yako akasema, "Huyo amefika." Mimi nilisikia kitu kingine, mlio mkavu, wa kukwaruza, kama mtu anayekohoa bila makohozi. Nilitoka nje, nikaweka kiganja kwenye tangi la oili, nikakiondoa upesi. Harufu ya oili iliyoungua ilikuwa imetanda mpaka migombani.

"Umesimama wapi njiani?" nikakuuliza.

"Sikusimama."

"Hata kwa mama yako mdogo?"

"Popote, baba. Kwenda na kurudi." Ukacheka, ukajipangusa vumbi usoni, ukangoja nikusifu.

Nilipoanza kukueleza, uliniweka sawa. Ulisema, "Baba, kila kilima nisimame, kila mlango hodi, kila nyumba nitafune buni za kahawa, nitafika lini? Wewe maisha yako yote umekuwa mtu wa kusimama simama. Ndiyo maana hukufika mbali."

Mama yako aliacha kumenya ndizi. Mimi nikaenda kuchukua spana.

Kesho yake, baada ya ibada, mama yako mdogo akatuletea ujumbe kwa watu waliokuwa wakija huku: "Mwambieni dada, mtoto wake ameona mlango wangu akaupulizia vumbi. Kama nina ukoma, niambiwe." Mama yako alicheka, kisha akanuna, kisha akacheka tena. Unamjua mdogo wake. Hilo litaimbwa mpaka arusi yako.

Neno lako lilinichoma, Kaiza, sikufichi. Nililala nalo, nikaamka nalo. Lakini leo mchana nikiwa napalilia kahawa nililigeuza geuza, nikajikuta nacheka peke yangu katikati ya kibanja. Maana ni kweli tupu. Nilitoka nyumbani kwenda kuposa msichana wa Rugera, na kwa yule msichana mpaka leo sijafika.

Ninyi watoto mnajua kwamba mimi na mama yenu tulikutana "pikipiki ilipoharibika". Hiyo ni habari ya kuwapa watoto. Leo unaondoka, chukua yote.

Nilikuwa kijana kutoka upande wa Muleba, nimekuja huku Karagwe kumfanyia kazi Mzee Sefu mwenye duka. Wewe umemjua akiwa mzee wa tasbihi barazani, Mungu amrehemu. Enzi hizo alikuwa mtu wa moto. Babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara, naye Sefu Kiswahili chake kilikuwa cha kukata, ukikosea anakukosoa huku anakutukana. Alinunua hii pikipiki, kabla haijawa yetu, ili mtu azunguke vilimani kuwaambia wakulima siku gani atanunua kahawa yao. Watu waliiita tukutuku. Mtu huyo nikawa mimi.

Ilipofika siku ya kwenda Rugera kujitambulisha, nilimwomba Sefu ruhusa ya kwenda nayo. Akanipa. Sasa fikiria: ni msimu wa mvua, barabara ni tope, nami nimevaa kanzu nyeupe na koti. Nilitaka nifike nikiwa safi, na chombo changu kikiwa safi. Nami ni mtoto wa wapika rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu, kitu unachokipenda unakifunika. Maziwa unayafunika, mtoto unamfunika, na rubisi ikiwa ndani ya mtumbwi wake unaifunika kwa majani ya mgomba iote joto, iive. Basi usiku ule nikaifunika injini. Nilichukua majani makavu ya mgomba, nikayafunga kwa kamba kuzunguka silinda yote, zile mbavu za chuma hazikuonekana hata moja. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi, nikaona nimefanya la maana mara mbili: haitachafuka, na haitaona baridi. Nilijipongeza, wallahi, kama alivyokuwa akisema Sefu.

Ilipanda kilima cha kwanza vizuri. Cha pili ikaanza kuwa nzito. Mimi nikadhani ni mteremko wa nyuma unaivuta, nikaongeza moto. Hapa Ihanda, pale kwenye mwinuko chini ya kwa babu yako, baba wa mama yako, ikatoa sauti moja mbaya, gurudumu la nyuma likakaza, nikateleza na kanzu yangu mpaka kwenye mfereji. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda.

Nikaamka nimejaa tope hadi masikioni. Yale majani yanatoa moshi, oili inatokota, injini yote inafanya sssss. Na pale juu ya ukingo wa mfereji amesimama msichana na mtungi, ananiangalia. Hakunipa pole. Alisema:

"Mgeni, rubisi yako imeiva. Tulete vikombe?"

Huyo ndiye anayekufungia mzigo.

(Ameniuliza nacheka nini. Nimemwambia nimefika kwenye rubisi. Amesema, "Andika na maji ya baba." Nakuja, mama, nakuja.)

Babu yako akatoka. Wewe hukumkuta, alikuwa mtu wa ng'ombe, wale wa pembe ndefu, na kwake kila kitu kinachotembea kilikuwa ni ng'ombe wa aina fulani. Akaizunguka pikipiki, akaitazama inavyopumua, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mnyama aliyekimbia hivi hapewi maneno," akasema. "Mpeni maji."

Sasa mimi nilikuwa najua kidogo kwamba si vizuri. Sefu aliwahi kunikataza. Lakini binti wa mzee ananitazama, mzee mwenyewe ananionea huruma, na mtungi ndio huo, maji ya baridi kutoka kisimani. Nani atamkatalia mzee ukarimu wake nyumbani kwake? Nikapokea mtungi kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamwaga.

Kaiza, ilipiga pa! Ng'ombe walikimbia. Ubavu mmoja wa silinda ulikatika ukaruka mpaka kwenye maharage.

Ndio ule ubavu uliovunjika, upande wa kushoto. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, nikakuambia umeng'atwa na fisi, ukawa unawaonyesha wenzako. Fisi hakuhusika, masikini. Ni maji ya babu yako.

Sefu alipopata habari alikuja mwenyewe kwa baiskeli, amevaa msuli umepandishwa magotini, na alianza kunitukana akiwa bado chini ya kilima. Aliponikuta kwa babu yako nimekaa kwenye kigoda natafuna kahawa, akazidi.

"Wewe mtoto wa Kihaya, nani kakwambia chuma kinaona baridi?"

"Mzee, ilikuwa asubuhi, ukungu—"

"Nyamaza! Motokaa ina maji yake ndani. Hii haina. Maji yake ni upepo. Upepo unapita kwenye hizi mbavu, unachukua joto. Wewe umeiziba pua, kisha unaikimbiza mlimani. Oili ikichemka inakuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, haikai tena kati ya chuma na chuma. Chuma kikigusana na chuma, ndio haya. Ungefunikwa wewe hivyo ukapanda kilima, ungefika?"

Akaifungua plagi, si hii iliyo mfukoni mwangu, ni mama yake, akamimina oili kidogo ndani ya tundu, akaweka gia, tukawa tunaisukuma mbele, tunaivuta nyuma, mbele, nyuma, mpaka ikaachia. Babu yako alipiga makofi. Sefu akaoga, akakataa rubisi kwa dini yake, akakubali kahawa ya kutafuna, akamwambia babu yako, "Huyu kijana ni mjinga lakini si mvivu." Huo ndio ushahidi uliotolewa juu yangu wakati wa posa. Mpaka leo mama yako akinikasirikia anautumia nusu.

Rugera sikwenda. Nilipeleka ujumbe wa kuomba radhi, na yule msichana akaolewa na mtu aliyefika. Namtakia heri, ana wajukuu sasa.

Baada ya hapo nilishika adabu. Kila mwinuko nikawa nasimama kupoza oili. Lakini sitajifanya mtakatifu kwako: mwanzoni ilikuwa inachemka Ihanda tu. Kwenda inachemka Ihanda, kurudi inachemka Ihanda. Siku moja babu yako akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii pikipiki yako inapata homa hapa kwangu tu?" Mama yako alikuwa nyuma ya mlango, nilimsikia akijiziba mdomo.

Na nilikuwa na ushamba mwingine. Nikisimama nilikuwa siizimi. Naiacha ingurume pale uani ili watu wasikie, wajue nani amekuja. Kumbe injini iliyosimama ikiwa inawaka haina upepo wowote, inajipika yenyewe. Na watu nao walikuwa wananijibu nusu nusu, kwa kuwa nani atapiga kelele kushindana na bomba la moshi? Siku nilipojifunza kuizima, ndipo nilipoanza kusikia majibu. Nikizima, nikaigeuza uso kwenye upepo, nikapiga hodi, mzee wa nyumba ananiletea kahawa kwenye kikapu kidogo, tunatafuna. Kahawa ya kutafuna huwezi kuiharakisha, unajua mwenyewe, utavunja jino. Basi mpaka midomo ikauke na habari ziishe, tangi nalo limepoa. Sikuwa na saa. Nilikuwa na kiganja. Naweka kiganja kwenye tangi la oili, naanza salamu zetu zote, za mwenye nyumba, za mkewe, za watoto, za ng'ombe, za migomba. Nikiweza kuzimaliza bila kuondoa mkono, naenda. Nikishindwa, nakaa.

Hapo ndipo nilipoijua Karagwe, mwanangu. Niliijua kwa sababu ya oili. Nani mkewe amejifungua, nani migomba yake imeanguka, nani hasemezani na nduguye. Mama mmoja wa kule juu nilipita kwake msimu mzima tukizungumza kahawa tu. Siku moja oili ilikuwa na moto kuliko kawaida, nikakaa sana, mazungumzo yakaisha, tukanyamaza. Katika ule ukimya ndipo akaniambia ana mtoto ndani hajaamka tangu jana. Tulimfunga mgongoni kwangu, nikampeleka hospitali ya misheni. Yule mtoto ndiye anayetuletea senene kila msimu, yule mrefu, anayekula kwetu kama kwake. Ulikuwa hujui, kwa sababu sikukuambia.

Usiogope, sitakuandikia kwamba haraka haina baraka, hiyo mwalimu wako alishaimaliza shuleni. Wewe una haraka na nakuelewa, nami nilikuwa na kanzu nyeupe. Ninachoogopa nakiandika waziwazi: unakwenda kuwa mtu wa dawa, na mtu hamwambii mganga anaumwa wapi ikiwa mganga yuko juu ya tandiko na injini inanguruma. Atakuambia "Salama tu," utapita, utafika mapema sana.

Na jambo jingine, hili ni gumu kidogo kwa baba kuandika. Jumamosi sikuchukua spana kwa sababu ya oili. Oili ingepoa. Nilichukua kwa sababu uliniambia sikufika mbali, na nikaona labda ndivyo utakavyonikumbuka ukiwa huko, mzee aliyesimama simama. Sasa nimeandika yote haya na hasira imeniisha, nimebaki na furaha, sijui imetoka wapi. Nimekuangalia umekua, una mabega kuliko mimi, una kazi ya kusaidia watu. Mama yako yuko hapa, taa inawaka, mvua imeanza kidogo juu ya bati. Mimi kama hapa ndipo nilipofikia, Kaiza, basi nimefika. Mungu nimemshukuru.

Kwa hiyo nimeamua. Lori litakwenda na mzigo wako, wewe utakwenda na pikipiki. Mama yako ameshaandaa kifurushi cha kahawa ya kutafuna, amekifunga kwa jani la mgomba, hapo majani ndipo mahali pake. Nitaiweka plagi humo ndani, katikati ya kahawa, ili usiweze kuwasha pikipiki bila kukifungua, na ukishakifungua uone aibu kupita milango ya watu na kahawa mkononi.

Basi nimeinuka kuichukua.

Nimetia mkono mfuko wa kulia, hamna. Nimetia wa kushoto, hamna. Nimerudi wa kulia, nimekuta buni chache za kahawa zimekauka vizuri. Nimemtazama mama yako. Ameinamia mzigo wako, anafunga fundo.

"Mama Kaiza, plagi iko wapi?"

"Iko kwenye kifurushi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Koti lako nilikuwa nalifua."

"Na mimi hapa usiku kucha nafikiri kama nitampa au sitampa?"

"Nilitaka ufike mwenyewe," amesema. "Andika, umalize, tulale."

Basi namaliza. Kituo chako cha kwanza ni kwa mama yako mdogo. Zima injini ukiwa bado mbali na mlango, mgeuze uso kwenye upepo huyo mnyama wetu, usimpe maji hata ukiombwa na mzee gani. Kaa chini. Mpe kahawa kwa mikono miwili, akutukane mpaka atosheke. Halafu uweke kiganja kwenye tangi, na hata ukikuta limeshapoa, mwanangu, kaa tena kidogo.

Ni mimi baba yako, wa hapa hapa Ihanda.